Vidonge Visivyonihusu

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa bwana mifugo wa kata ya Misima, na kama kuna mtu wilayani Handeni aliyewachosha watu kwa kuwahubiria habari za dawa, ni mimi, Muhidini. Nilikuwa napita na pikipiki ya serikali, nikiona mahali pana ng'ombe watatu na mtu mmoja nasimama, sizimi hata injini, naanza. Usisubiri mnyama alale chini ndipo uje kunitafuta. Mwogeshe akiwa mzima. Mchanje akiwa mzima. Dawa ya minyoo mpe wakati bado anakula. Watoto wa shule walikuwa wakiiga sauti yangu, nami nikadhani wananisifu.

Naeleza haya mapema ili nitakapofika kwenye ujinga wangu, asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa nimeshastaafu, nilikuwa nanyoa ndevu asubuhi nikagusa uvimbe chini ya taya, upande wa kushoto. Haukuuma. Ulikuwa mkubwa kiasi cha mbegu ya fenesi. Mtu mwingine angeshtuka, lakini mimi nimepapasa tezi za ng'ombe maisha yangu yote. Ng'ombe akishikwa na ndigana kali, ugonjwa ule wa kupe, tezi za shingoni ndizo huvimba kwanza. Basi nikakaa kitandani nikajipapasa kwa utaalamu, nikajipima joto kwa kipimajoto changu cha kazini, ambacho nilikichemsha kwanza, nikamwita mke wangu Mwaija.

"Ningekuwa ndama," nikamwambia, "ningesema nina ndigana kali."

Mwaija hakucheka. "Wewe si ndama, Baba Faudhia. Nenda hospitali."

Sikwenda. Nilikaa miezi miwili nikijichunguza. Nilifikiria hata kujidunga dawa iliyobaki kwenye begi langu la kazi, nikaikuta imepitwa na muda wake. Uvimbe wa pili ulipotokea kwapani, na jasho likawa linalowesha shuka, Mwaija alimpigia simu binti yetu Faudhia aliyeko Tanga mjini. Faudhia alikuja na gari la kukodi, akanipakia kama mzigo, na sikuulizwa tena maoni yangu.

Hospitalini walinikata kipande kidogo cha nyama shingoni, wakakipeleka kupimwa. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: saratani ya tezi. Daktari alisema ni ya aina inayosikia dawa, na kwamba ningepewa dripu mara sita, kila baada ya wiki tatu, katika hospitali moja ya Korogwe ambako matibabu hayo yalikuwa yameanza kutolewa. Nilishukuru kwa kuwa Korogwe ni karibu, barabara ni ya lami, na mtu anaweza kwenda na kurudi mchana uleule. Ndivyo nilivyolipokea jambo lile, kama mtu anayekwenda kukata leseni.

Muuguzi aliyenihudumia anaitwa Emiliana. Ni Msambaa mwembamba, mwenye sauti ya chini inayomlazimisha mtu anyamaze ili asikie. Aliniamkia, akanikalisha kwenye kiti kirefu, akatafuta mshipa, kisha akanichoma sindano ndogo kabla ya yote.

"Hii si dawa ya saratani, mzee," alisema. "Hii ni ya kuzuia kichefuchefu. Tunaitanguliza, halafu tunasubiri nusu saa, ndipo tunaweka zile zenyewe."

Zile zenyewe zilikuwa kadhaa, na moja ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Nilitazama ikishuka kwenye mpira tone kwa tone, nikajisikia sawa kabisa. Jioni, Mwaija alipokwenda kutafuta gari la kurudi, Emiliana alinipa vidonge vya aina mbili. Vya kwanza vilikuwa sehemu ya matibabu ya saratani. Vya pili vilikuwa vitano, vimo ndani ya bahasha ndogo ya karatasi.

"Hivi ni vya kuzuia kutapika," alisema. "Kimoja leo jioni, kesho asubuhi na jioni, kesho kutwa asubuhi na jioni. Umeze hata kama unajisikia vizuri. Hasa kama unajisikia vizuri. Ukisubiri mpaka kichefuchefu kije, kidonge hakikai tumboni."

Nikatikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa nakujua vizuri, maana wafugaji walinitikisia kwa miaka thelathini na mmoja.

Nyumbani nilikula ugali na mlenda, nikaongeza. Nilimpigia Faudhia nikamwambia watu wanatishwa bure na dawa hizi. Lazima niseme kwamba tumbo langu lilikuwa na sifa. Niliwahi kupasua ng'ombe siku ya tatu baada ya kufa, jua likiwa limeshamfanyia kazi, mtendaji wa kata akakimbilia nyuma ya ua wa mnyaa akatapika, mimi nikanawa mikono nikala muhogo wa kuchoma. Kisa hicho nilikuwa nakisimulia hata kwenye harusi.

Basi vidonge vya saratani nilivimeza, kwa sababu saratani nilikuwa nayo. Vidonge vya kutapika sikuvimeza, kwa sababu sikuwa natapika. Niliiweka bahasha kwenye mfuko wa shati, nikajiambia nitakapotapika ndipo nitavitumia, vinginevyo ni kupoteza dawa. Mwaija aliniuliza, "Umemeza dawa?" Nikasema nimemeza. Sikudanganya sana, kuna nilivyovimeza.

Kesho yake asubuhi alinipigia simu Dunstan, bwana mifugo aliyechukua nafasi yangu. Ni mtu makini, ana shahada, lakini ana tatizo moja ambalo ni kwamba haongei. Alisema Alhamisi kuna chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe pale kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, wakubwa wa wilaya watakuwepo, na wafugaji wengi wanasema ng'ombe wao hawaumwi, hawaoni sababu ya kuwaleta.

"Wewe wanakusikiliza, mzee," alisema. "Uje uwaambie maneno mawili tu."

Mimi sijawahi kusema maneno mawili tu. Nilikubali kabla hajamaliza.

"Sista alikwambia ukae mbali na mikusanyiko," Mwaija alinikumbusha.

"Ng'ombe si mkusanyiko, Mama Faudhia."

Alhamisi niliamka mdomo una ladha ya msumari. Mate yalikuwa yanajaa, nameza, yanajaa tena. Nikasema ni njaa. Nilikunywa chai na maandazi mawili, nikavaa kofia yangu ya kazi, nikapanda bodaboda hadi kwenye josho.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Walikuwepo Wazigua wenzangu na mbuzi wao ambao hawakuhusika na chanjo ile, walikuwepo Wamaasai na makundi yao, wake zao wamekaa upande, na wakubwa wa wilaya wamekalishwa kwenye viti vya plastiki. Dunstan alikuwa amevaa koti jeupe jipya kwa heshima ya wageni. Akanisimamisha karibu yake. Harufu ya vumbi, samadi na dawa ya josho ikanifikia. Harufu ile nimeivuta tangu ujana, na siku zote ilikuwa inanifurahisha. Siku ile iliingia puani ikashuka moja kwa moja mpaka kwenye maandazi.

Nilianza kuongea. Nilisema shikamooni wazee. Nilisema mimi nimetoka kwenye matibabu lakini sikuona vyema kukaa nyumbani wakati ng'ombe wenu wako hatarini. Nikaona wakubwa wanaandika. Nikainua mkono, nikasema, "Usisubiri mnyama alale chini ndipo," na hapo sentensi ikakatika. Nilijua nimebakiwa na muda mfupi sana. Niligeuka kushoto ili nisiwatapikie wageni, na kushoto alikuwa amesimama Dunstan.

Nilitapikia koti lake kuanzia kifuani. Nikapumua, nikasema samahani, nikalitapikia tena. Ng'ombe aliyekuwa amebanwa katikati ya mbao akisubiri sindano aligeuza shingo akanitazama mpaka nilipomaliza.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniumiza. Wangecheka ningejua niko miongoni mwa watu walionizoea. Walikaa kimya kama watu walioona jambo la aibu kwa mkwe wao. Aliyesogea ni mzee Lemburis, mfugaji wa Kimaasai niliyegombana naye miaka mingi. Alinishika mkono, akanipeleka ukutani penye kivuli, akanipa maji.

"Bwana Mifugo, unaumwa nini?"

"Nimekula maandazi mabaya," nikasema.

Alinitazama shingo, palipokuwa na kovu jipya, akaniongezea maji.

Kilichofuata sitakieleza chote, maana hata mimi kuna sehemu nakumbuka kwa kuhadithiwa. Nilipofika nyumbani nilichopoa kidonge kimoja kwenye bahasha mfukoni, nikakimeza. Kikatoka. Nikameza cha pili, nacho kikatoka kizima, cheupe, hakijaguswa. Nilitapika chai, nikatapika maji, nikatapika kitu cha kijani kichungu ambacho ningekikuta kwa mbuzi ningejua kukiandikia ripoti. Mwaija alikuwa akibeba beseni, anamwaga, anarudi. Alipolichukua shati langu ili alifue, alisikia karatasi mfukoni. Akaitoa bahasha, akamwaga vidonge vilivyobaki juu ya mkeka.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya kuzuia kutapika."

"Na wewe unafanya nini?"

"Natapika."

Alivirudisha kwenye bahasha kimoja kimoja, akatoka nje. Nilimsikia akimwambia jirani atafute gari.

Nililazwa hospitali ya Handeni siku mbili, nikawekewa maji ya dripu na sindano za kutuliza tumbo. Wauguzi wa pale walinisaidia sana. Mmoja wao alikuwepo kwenye josho ile Alhamisi, akimsindikiza baba yake na ng'ombe, akaniuliza kwa upole kama ndiye mimi. Nikasema siye.

Niliporudi nyumbani nilikuwa mwepesi kama kuti. Nikakaa kibarazani nikamtangazia Mwaija kwamba sirudi Korogwe. Nilimwambia ni afadhali nife nakula kuliko nipone natapika. Niliona ni maneno mazito ya kiume. Yeye alikuwa akichambua choroko, hakuinua uso.

"Haya," alisema.

Nilitegemea abishane nami, nilikuwa na hoja nyingi. Badala yake aliacha kuongea. Alipika, akafua, akaswali, akalala. Siku nane nyumba ilikuwa kimya, na mimi, ambaye siwezi kukaa kimya dakika nane, nikawa naongea na kuku. Nilijua anachofikiri. Alikuwa ananipa nafasi ya kuona nyumba ile itakavyokuwa mmoja akiondoka.

Siku ya tisa alikuja Lemburis. Alileta maziwa kwenye kibuyu, na kwa bahati mbaya nilikuwa siwezi hata kuyatazama, ikabidi Mwaija ayapeleke ndani haraka. Alikaa kwenye kigoda, akaegemeza fimbo ukutani, akapewa chai. Alikunywa yote. Kisha akaanza kuniuliza, na nilichelewa kidogo kutambua kwamba maswali yale ni yangu. Ni yaleyale niliyokuwa nawauliza wafugaji wakipoteza mifugo, kwa mpangilio uleule wa fomu ya wizara.

"Mnyama ana umri gani?"

"Sitini na tatu."

"Alianza lini kuumwa?"

"Mwishoni mwa mwaka jana."

"Alipatiwa dawa?"

"Alipatiwa."

"Alimeza?"

"Hakumeza."

"Sababu?"

Nilitazama miguu yangu. "Alikuwa anaonekana mzima."

Lemburis alitikisa kichwa polepole. "Mwaka ule walipokufa ng'ombe wangu tisa kwa kupe, ulikuja na karatasi ukaniuliza kwa nini sikuogesha. Nikakwambia walikuwa wanaonekana wazima. Uliniitaje?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka."

"Nilikuita mjinga."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wake zako."

"Wote watatu," alisema, bila hasira, kama mtu anayesahihisha hesabu. "Nililala na neno lile muda mrefu. Nilitaka kuacha ng'ombe wote waliobaki wafe, ili tu isionekane nimekutii. Halafu nikaogesha. Ulipopita tena hukuniuliza kitu. Ulikaa boma langu ukanywa maziwa, tukaongea habari za mvua."

Akasimama, akachukua fimbo yake.

"Sasa mimi nimekunywa chai yako. Kuhusu mengine sina neno. Rudi Korogwe."

Aliondoka bila kungoja jibu. Mwaija alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nikamuuliza tarehe ya dripu ya pili ni lini, nikijifanya nimesahau. Akasema ni Jumanne. Ndiyo yakawa maneno yake ya kwanza baada ya siku tisa, na jioni ile aliongea mfululizo mpaka nikatamani kidogo ule ukimya.

Jumanne tulifika Korogwe saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kuwa shujaa, lakini tulipofika getini upepo ulileta harufu ya sabuni wanayodekia sakafu. Nikatapika kwenye maua ya hospitali. Sikuwa nimewekewa dripu wala sindano, hata ndani sikuwa nimeingia. Mlinzi aliniuliza kama nataka kwenda mapokezi au kurudi nyumbani.

Emiliana alitoka akanikuta nimekaa kwenye ukingo wa bustani, kofia mkononi. Alikuwa amekwisha kupata habari za kulazwa kwangu Handeni, kwa sababu Mwaija alimpigia simu siku ileile. Hakunigombeza. Alikaa kando yangu.

"Mwili unajifunza haraka, mzee," alisema. "Mara ya kwanza ulitapika sana. Sasa umeona geti, umesikia harufu, mwili unasema najua kinachokuja, unakianza wenyewe. Ndiyo sababu tunahangaika ile mara ya kwanza ipite salama. Ikiharibika, zinazofuata zinakuwa na kazi zaidi."

"Nimeharibu, basi."

"Umeongeza kazi. Hujaharibu. Lakini niambie ukweli ili nijue cha kufanya. Ulivimeza ukavitapika, au hukuvimeza?"

Mwaija alikuwa amesimama pale, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Ningeweza kusema nilisahau. Watu wengi husahau, na mimi ni mzee.

"Sikuvimeza," nikasema. "Nilivificha."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipojua jibu, maana kabla ya hapo sikuwa nimejiuliza. "Vile vingine ni vya ugonjwa. Ugonjwa nimeukubali. Lakini tumbo langu halijawahi kunishinda, sista. Shingo imekwenda, kwapa limekwenda, nguvu zimekwenda. Nilitaka kitu kimoja kibaki changu. Nikimeza dawa ya kutapika kabla sijatapika, ni kama nimekubali kwamba hata hicho si changu tena."

Emiliana aliinamisha kichwa. Mwaija alinitazama muda mrefu, nikaona macho yake yanalainika, nikajua sasa atasema jambo ambalo nitalikumbuka maisha yangu yote.

"Hicho chako," alisema, "ulikimwaga kwenye koti la Dunstan."

Emiliana alijaribu kujizuia, akashindwa. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa gauni. Mwaija naye akacheka, nami nikacheka, ingawa kucheka kulinirudishia kichefuchefu ikabidi niyageukie yale maua.

Emiliana alikwenda kuzungumza na daktari. Siku ile walinipa sindano ya kutangulia kama mwanzo na kuongeza nyingine. Niliporudi nyumbani nilikuwa na vile vidonge vyeupe, na kidonge kingine kidogo cha kumeza kabla ya kulala kwa siku chache, na kimoja cha kumeza jioni ya kuamkia safari ya Korogwe, ili nifike getini nimetulia. Safari hii bahasha hazikukaa kwangu. Mwaija alizifungia kabatini pamoja na vitenge vyake vya harusi, na ufunguo akauvaa shingoni. Aliweka simu yake ilie kila saa ya dawa, na mlio aliouchagua ulikuwa wa jogoo. Jogoo wetu wa kweli alikuwa akiitikia, wa jirani akimjibu, na hivyo nusu ya kitongoji walikuwa wanajua muda wangu wa kumeza dawa.

Sitasema kichefuchefu kiliisha. Kilikuwepo, kimekaa mbali kama mgeni aliyeambiwa asubiri nje. Siku ya pili na ya tatu nilikuwa sitaki kuona samaki wala kusikia kitunguu kinakaangwa, na mlenda niliupenda tena baada ya miezi. Lakini nilikunywa uji, nikaweza kulala, na tumbo likatunza lilichopewa. Raundi nzima ya pili nilitapika pale getini tu. Ya tatu sikutapika kabisa. Ya nne nilitapika mara moja, na hiyo nailaumu supu ya pweza aliyoniletea shemeji yangu kwa nia njema.

Kuna jambo moja lilinipata ambalo Emiliana alinitahadharisha nalo nikalisahau. Vidonge vile vyeupe hufunga choo. Mimi nilikuwa nimehangaika sana na njia ya juu hata sikufikiria kwamba kuna ya chini. Siku ya nne nilimpigia simu sista nikiwa uani, na kwa kuwa mtandao wa Misima haushiki vizuri, nilipaza sauti. Nilimweleza kila kitu kama ninavyoeleza hali ya ng'ombe: siku ngapi, kiasi gani, ugumu gani. Alinishauri maji mengi, papai, na dawa fulani ya kulainisha. Nilipokata simu nikakuta mama wa nyumba ya pili amesimama kwenye uzio, ameshika papai mkononi.

Dunstan alikuja kuniona baada ya raundi ya tano. Nilimwomba radhi kuhusu koti. Alisema limefuliwa mara nne na doa halijatoka, lakini Alhamisi ile ng'ombe mia tatu na kumi walichanjwa, idadi ambayo hajawahi kuifikisha. Nilimuuliza kwa nini. Alifikiri sana kabla ya kujibu, maana ndivyo alivyo.

"Nadhani walikuonea huruma," alisema.

Baada ya raundi ya sita walinipiga picha za mashine, tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili. Siku hiyo daktari alinipapasa shingo, akapapasa kwapa, akatazama picha ukutani. Vidole vyake vilipita mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nikipita kila asubuhi bila kuthubutu kusema. Akasema haoni kitu. Akasema neno la kupona hawalitumii mapema, nitakuwa narudi kila miezi mitatu wanitazame, lakini kwa leo haoni kitu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya shukrani. Niliiandika kabisa, kurasa mbili, ipo mpaka sasa kwenye koti langu. Nilifungua mdomo sauti ikagoma. Mwaija ndiye aliyesema asante kwa niaba yetu, kisha akatoka kwenye korido akasimama akitazama ukuta, mabega yakimtikisika. Nilikwenda nikasimama kando yake. Sikujua la kufanya na mikono yangu, nikamshikia mkoba.

Emiliana alitukuta pale. Zamu yake ilikuwa imekwisha, ameshavaa nguo za nyumbani. Alitupongeza, halafu akawa kama anaona aibu.

"Mzee, nilikuwa na ombi. Si la hospitali. Mama yangu yuko Mnyuzi, si mbali na hapa, ana mbuzi tumbo limejaa tangu asubuhi, hali chakula, analia tu. Bwana mifugo wa kule amesafiri. Kama hujachoka."

Nilikuwa nimechoka. Nikasema twende.

Mama yake anaitwa Paulina, mama mfupi mchangamfu aliyehamia Mnyuzi kutoka milimani na mumewe zamani, akabaki. Mbuzi alikuwa nyuma ya nyumba, jike jeusi, ubavu wa kushoto umetuna na kukaza kama ngoma. Alikuwa amefungua gunia la pumba akala mpaka akashindwa. Nilipiga magoti kwa shida, nikamgonga ubavu kwa vidole, nikasikia upepo. Nikaomba mafuta ya alizeti na chupa tupu ya soda. Emiliana, aliyenitafutia mishipa miezi mitatu na nusu, ndiye aliyemshika pembe, nami nikamnywesha polepole pembeni mwa mdomo. Kisha tukamwinua miguu ya mbele, nikaanza kumsugua tumbo.

Ilichukua kama robo saa. Nilikuwa nimeinamisha uso karibu nisikilize, kosa ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza halifanyi, mbuzi akabeua. Ulitoka upepo mrefu wa pumba iliyochacha, na nyuma yake yakafuata majani mabichi yaliyosagika, yakatua shavuni mwangu na kwenye kola ya shati langu jeupe la kwenda kwa daktari. Mwaija alisogea hatua moja akanitazama tumbo. Emiliana naye akanitazama tumbo. Nami nikasubiri, maana nilikuwa na hamu ya kujua kama wao.

Tumbo halikusema kitu. Nilijifuta kwa kiganja, nikaendelea kusugua. Mbuzi alibeua tena mara mbili, ubavu ukalegea, akajinyofoa mikononi mwetu akaenda kutafuta kivuli.

Paulina alikuwa amepika wali wa nazi na maharage, na kisamvu pembeni. Harufu ilifika mpaka tulipokuwa, ya vitunguu vilivyokaangwa vikaiva. Nilikuwa nimeshapita mlango, nakaribia kukaa mkekani.

"Kanawe kwanza, Baba Faudhia," Mwaija alisema.

Nikaenda kunawa, mikono, uso na shingo pande zote mbili. Nilipakuliwa mara mbili, na mara ya pili niliomba mwenyewe.